Kilio Kinachotambuliwa na Serikali

Siku ya Jumatatu, tarehe tatu Februari, mwaka wa kumi na tisa wa Kusimama Imara, saa saba na dakika kumi mchana, jua likiwaka bila wingu wala upepo juu ya uwanja wa Ofisi ya Wilaya, Mzee Dastani Mkwizu alivua viatu, akakunja soksi zake na kuzitia ndani ya kiatu cha kulia, kisha akapanda juu ya Bamba la Uhai. Akasimama kama alivyofundishwa kusimama tangu utotoni: visigino pamoja, kidevu juu, mikono kwenye mishono ya suruali.

Ikawa kimya.

Bamba la Uhai lilikuwa chuma cheusi, kipana kama mlango, kilichochomwa na jua tangu asubuhi na kuongezewa makaa kwa chini kila jua lilipoonekana kulegea katika kazi ya serikali. Mstaafu aliyetangulia alikuwa amelia "Mama yangu!" mpaka kunguru wakaruka kutoka paa la mahakama. Bi. Skolastika, Msajili wa Vilio wa wilaya, alikuwa amemwandika kuwa hai na kumpongeza.

"Mzee wangu," alisema sasa, kalamu ikiwa hewani, "tunakusubiri."

"Nami nawasubiri ninyi. Nimeshasimama. Nisimame mpaka lini?"

"Mpaka ulie."

"Nilie kwa sababu gani?"

"Chuma ni cha moto, mzee."

Mzee Dastani alitazama chini kwa adabu, kama mgeni aliyeonyeshwa picha ya ukoo. "Nakubali kwamba ni cha moto. Naona moshi. Ila mimi sihisi kitu."

Mkewe, Bi. Eliwaza, aliyekuwa nje ya kamba pamoja na wake wengine wa wastaafu, hakuweza kuvumilia. "Baba Nakijwa! Piga ukunga! Mmoja tu, twende zetu nyumbani!"

"Mama Nakijwa, miguu hainiumi. Nikilia, nitakuwa nimetoa taarifa ya uongo mbele ya ofisa wa umma."

"Basi itoe!"

"Mzee, kwani ukilia utapungukiwa nini?" alidakia mstaafu mmoja mnene kutoka kwenye foleni. "Mimi nimeanza kulia tangu getini!"

Watu wakacheka. Mzee Dastani hakucheka, wala hakulia. Bi. Skolastika alitazama saa ya ukutani, akasubiri mshale ufike mahali sheria ilipotaka ufike, kisha akaandika.

"Pole sana, mzee. Umefariki."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na robo." Alimpa mkono kwa upole. "Shuka taratibu, marehemu, usije ukaanguka."

*

Ni haki kueleza kwamba Jamhuri ya Wima haikuwa nchi katili. Ilikuwa nchi iliyoibiwa. Kwa miaka mingi Hazina ililipa pensheni kwa wastaafu hewa, watu waliokwisha kuzikwa lakini ambao sahihi zao ziliendelea kufika dirishani kila mwisho wa mwezi, zikiwa na mwandiko mzuri kuliko walipokuwa hai. Serikali ilijaribu picha, wafu wakapiga picha. Ikajaribu alama za vidole, vidole vikapatikana. Ndipo Mheshimiwa Habakuki Mbwilo, Waziri wa Hisia za Taifa, alipolihutubia Bunge kwa maneno yaliyochongwa baadaye kwenye lango lake: "Maiti anaweza kughushiwa sahihi, lakini hakuna maiti aliyewahi kughushi maumivu!" Wabunge walisimama, wakalia kwa pamoja, na sheria ikapita.

Mzee Dastani aliiona sheria hiyo kuwa nzuri. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuhakiki. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, akizunguka masokoni na jiwe lake la kilo, akizifunga mizani zilizo sahihi kwa waya na lakiri, muhuri wa risasi uliobanwa kwa koleo, na kuwapeleka mahakamani wote waliothubutu kuikata lakiri hiyo. Aliwahi kumshtaki shemeji yake mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba lakiri haina shemeji.

Na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Bweni ya Mlimatete, ambako wavulana walioga maji ya barafu, walikula ugali baridi wakiwa wima, na walichapwa kwa zamu pasipo mtu kutoa sauti. Katika bweni lake alikuwapo mvulana mmoja tu aliyelia. Alilia kabla ya kuguswa, na kwa ajili hiyo wenzake walimwita Kengele. Siku moja Kengele aliiba sukari guru ghalani. Mwalimu wa zamu akamtaka Dastani, aliyekuwa kiranja wa bweni, amtaje mwizi. Dastani hakusema uongo, wala hakumtaja mtu. Alinyamaza, akainama, akachapwa yeye, na hata sauti ya kupumua hakuitoa. Jioni Kengele alimjia akilia. "Nina deni lako, Dastani," alisema. "Hata ukifa nitalilipa."

Huyo Kengele ndiye sasa Mheshimiwa Habakuki Mbwilo.

*

Daktari Mlanzi, mwanamke kijana aliyekuwa peke yake katika zahanati ya kata, alizifunga nyayo za Mzee Dastani zilizobabuka. Alimchoma kwa ncha ya pini kidole baada ya kidole, akimwambia afumbe macho.

"Hapa?"

"Hujanigusa."

"Na hapa?"

"Anza basi, Daktari."

Alikuwa ameshamaliza. Alikaa chini na kumweleza ukweli wote, na ukweli wenyewe haukuwa mrefu. Sukari iliyopanda kwa miaka ilikuwa imekula mishipa ya fahamu ya miguu. Mishipa iliyokufa hairudi. Kilichobaki ni kuishusha sukari ili ugonjwa usipande zaidi, kuosha nyayo na kuzifunga upya kila siku, kuzitazama kwa kioo kila jioni kwa kuwa macho ndiyo yatakayofanya kazi ya ngozi, kuvaa viatu vipana, na kutokanyaga kitu cha moto.

"Na Bamba la Uhai?"

"Bamba ni la wizara nyingine, mzee. Sisi tumekatazwa kulisemea."

"Ushauri huu ni bei gani?"

"Ni bure."

Bi. Eliwaza aliinamisha kichwa. Alikuwa ameishi Wima siku zote. Alijua kilichokuwa kinakuja. Na kweli, walipofika kwenye Kamati ya Rufaa za Wafu, mwenyekiti wake aliwapokea kwa huruma kubwa, akaagiza kiti kwa mjane na kumwacha mume amesimama. Alieleza kwamba marehemu yeyote anaweza kurudishwa uhai iwapo atathibitisha kuwa anatibiwa hisia kwa dhati. Lakini ushauri wa bure Kamati haiwezi kuupima. "Ndugu zangu, mgonjwa asiyeingia gharama amejuaje kwamba anaumwa?" Akawapa tangazo la Maonesho ya Kitaifa ya Tiba za Nyayo.

*

Maonesho yalifanyika chini ya mahema meupe. Mheshimiwa Waziri aliyafungua kwa hotuba iliyotoka kwenye mguu wa raia ikafika kwenye mguu wa taifa, ikakaa huko muda mrefu. "Taifa lisilohisi linakokanyaga," alisema, akipangusa machozi kwa kitambaa chenye nembo, "litafikaje linakokwenda?" Alipokuwa akishuka jukwaani alimwona mzee aliyesimama wima kuliko wote, miguu ikiwa imefungwa bendeji, akasimama kwa mshangao.

"Dastani Mkwizu! Kiranja!" Akamkumbatia mbele ya wapiga picha. "Wananchi, mtu huyu mnayemwona alichapwa kwa ajili yangu! Nina deni lake, nalitamka hadharani!"

"Mwambie sasa," Bi. Eliwaza alinong'ona, akimvuta mumewe mkono wa koti. "Mwambie kwamba umeandikwa umekufa. Neno lake moja linatosha."

"Sikuchapwa ili nije kudai," alijibu Mzee Dastani, na kufikia hapo Waziri alikuwa ameshakumbatia mtu mwingine.

Wakaenda kuzitazama tiba. Katika hema la kwanza walimkuta bwana aliyejiita Profesa Nabii, mwenye Beseni la Umeme. Mgonjwa alitia miguu katika maji ya chumvi, waya zikawashwa, na baada ya muda maji yakageuka rangi ya kahawia. Hiyo, alisema Profesa Nabii, ndiyo sumu iliyokuwa ikiziba hisia. Mzee Dastani aliomba beseni lingine, maji mapya, waya zilezile, bila miguu. Wakangoja. Maji yakageuka kahawia.

"Na hii ni sumu ya nani?" aliuliza.

Profesa Nabii hakuyumba hata kidogo. "Ya kwako, mzee. Umesimama karibu mno."

Hema la pili lilikuwa la nyuki. Mama mmoja mwenye vyeti vya nchi nne aliwaweka nyuki kwenye nyayo za wagonjwa, mmoja mmoja kwa koleo ndogo, na kila nyuki alikuwa na bei yake kulingana na ukoo wa malkia wake. Mzee Dastani aliumwa na nyuki wa majaribio. Aliutazama mwiba ukiwa umejichomeka, akamwonea huruma nyuki.

"Wamepona wangapi?" alimuuliza yule mama.

"Wengi, baba, wengi mno. Hawarudi hata kunishukuru."

"Ulimwona mmoja wao akikanyaga Bamba na kulia?"

"Baba yangu, tiba ni imani. Wewe umekuja na mizani."

Hema la tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na lilikuwa na zulia. Hapo ziliuzwa jozi za Mabuti ya Sumaku, ya ngozi nene, yenye kufika juu ya kifundo. Muuzaji, kijana aliyevaa suti na glavu, alieleza kwamba sumaku huiita damu, damu huiita hisia, na hisia huiita pensheni. Bei ya jozi moja ilikuwa sawa na ng'ombe mmoja mwenye maziwa, na hapakuwa na punguzo kwa marehemu. Kwenye ukuta wa hema ilining'inia picha ya mwenye kampuni, akilia kwa furaha. Alikuwa Mheshimiwa Waziri.

*

Nyumbani, Mzee Dastani alitoa mizani yake ya zamani ya shaba na kuiweka mezani, kwa maana hakuwahi kuamua jambo zito bila kuitazama. Upande mmoja alilaza kamba ya ng'ombe wao, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalisha tangu pensheni ikatwe. Upande wa pili alitaka kuweka ushahidi wa tiba hata moja. Aliketi muda mrefu akitafuta cha kuweka. Upande wa kamba ulibaki umeinama.

"Imekwisha," alisema. "Nitafuata ya Daktari Mlanzi. Nitaosha, nitafunga, nitatazama kwa kioo."

"Na tutakula nini, Baba Nakijwa? Kioo?"

"Tutakula kidogo."

"Wewe ni marehemu, unaweza kula kidogo. Mimi ni mjane, mimi bado nina njaa." Alicheka alipolisema hilo, kisha akaitwaa ile kamba mezani. "Ungelia tu. Siku ile ungelia tu. Wenzako wote wamelia, na wote wanakula."

 Majuma yale nyayo za Mzee Dastani zilianza kufunga, kwa kuwa aliosha na kutazama kwa ukali uleule aliokuwa akikagulia mizani. Daktari Mlanzi alipoziona alitabasamu. Huenda lingekuwa jambo la pekee lililokwenda vizuri katika Jamhuri ya Wima mwaka huo.

Lakini asubuhi moja Mzee Dastani aliamka na kukuta zizi tupu. Bi. Eliwaza alikuwa amekaa kizingitini, amepakata sanduku. Ndani mlikuwa na Mabuti ya Sumaku.

"Usinigombeze," alisema. "Kamati wamesema wakiiona risiti hii na mabuti yakikaa mguuni siku zake, watakurudisha. Sikuombi ulie tena. Naomba uvae."

Mzee Dastani alilitazama zizi, akamtazama mkewe aliyekuwa amevaa khanga ileile tangu Februari, akanyoosha miguu. Alivaa kwa heshima ya ng'ombe.

Saa hiyohiyo ofisa wa Kamati aliingia na koleo. Ili kuzuia udanganyifu, mabuti ya tiba yalifungwa kwa waya kupitia matundu yote ya kamba, na waya kukazwa kwa lakiri ya serikali. Kuikata kabla ya wakati lilikuwa kosa la jinai. Mzee Dastani aliinama kuikagua lakiri kwa kidole gumba. Ilikuwa ya risasi safi, imebanwa sawasawa, nembo inasomeka. Akaridhika.

*

Kwa siku za mwanzo hakuhisi kitu, jambo ambalo muuzaji alisema ni dalili njema. Baadaye hakuhisi kitu, lakini nzi walianza kuja. Kisha Bi. Eliwaza alisikia harufu, akaitafuta chini ya kitanda na nyuma ya mtungi kabla ya kuelewa inakotoka.

Daktari Mlanzi alikuja mbio na mkasi mkubwa. "Nyoosha mguu, mzee. Nakata sasa hivi."

"Una mamlaka juu ya lakiri?"

"Nina mamlaka juu ya kidonda!"

"Kidonda kiko ndani. Lakiri iko nje, na utaifikia hiyo kwanza."

"Baba Nakijwa, nakupigia magoti," alisema Bi. Eliwaza, na kweli alikuwa amepiga magoti. "Nilikosea. Mabuti nilileta mimi. Acha akate."

"Hukukosea, Mama Nakijwa. Ulikuwa unanitafutia uhai." Alimwinua kwa mkono. "Lakini nimewafunga watu kwa ajili ya lakiri. Mmoja alikuwa kaka yako. Leo niikate kwa kuwa mguu ni wangu?"

Hakuwa mtu mgumu wa kuelewa, aliomba kibali. Aliandika ombi kwa mwandiko wa Mlimatete ulionyooka, akilitaka Baraza la Lakiri liruhusu mabuti yafunguliwe kwa sababu za kitabibu. Baraza lilikaa na kujadili kwa uzito iwapo marehemu anaweza kuomba kitu. Lilikubali, huku wajumbe wawili wakipinga. Kibali kilipofika kikiwa kimegongwa mihuri yote, bendeji ndani ya buti la kulia ilikuwa imeshikamana na kilichobaki cha unyayo. Buti la kushoto lilitoka salama. La kulia lilikwenda hospitali ya wilaya likiwa na mguu ndani, na halikurudi, wala mguu.

*

Siku ya tatu baada ya kukatwa, Mzee Dastani aliamka na kuhisi. Vidole vya mguu wa kulia, ambavyo kwa miaka havikuwa vimemletea habari yoyote, viliwaka moto kama vimerudishwa juu ya Bamba. Alishika shuka. Aliuma meno. Alifikiria bweni, maji ya barafu, fimbo. Kisha mdomo ukafunguka peke yake, na wodi nzima ikamsikia mkaguzi wa mizani na vipimo akilia.

Bi. Eliwaza hakumbembeleza. Alitoka mbio mpaka Ofisi ya Wilaya, akarudi amemshika mkono Bi. Skolastika pamoja na muhuri wake. "Msikie! Msikie mwenyewe! Huyo si mtu hai?"

Msajili alisikiliza kama fundi anayesikiliza injini. "Kilio ni kizuri sana," alikiri. "Unaumwa wapi, mzee wangu?"

"Kidole kikubwa. Cha mguu wa kulia."

Msajili alilitazama shuka, mahali lilipolala bapa. "Mguu huo uko wapi sasa?"

"Umezikwa," alisema Mzee Dastani, kwa kuwa ndio ukweli.

"Pole." Alifunga kisanduku cha muhuri kwa masikitiko ya dhati. "Kilio hiki ni cha mguu, na mguu umefariki. Nikikiandika, kitakuwa ushahidi dhidi yako."

"Na wa kushoto je?" alilia Bi. Eliwaza. "Si huu hapa?"

"Wa kushoto unahisi, mzee?"

Mzee Dastani alimtazama mkewe. Aliona anachoombwa. Lilikuwa neno moja, fupi kuliko ukunga.

"Hapana," alisema.

*

Mheshimiwa Waziri alifika nyumbani kwao Jumapili, pamoja na wapiga picha, Msajili wa Vilio, na bahasha ya rambirambi. Mzee Dastani alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alijaribu kusimama kumpokea mgeni, akashindwa, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

"Nilisema nina deni lako, Kiranja," alisema Waziri, machozi yakiwa tayari. "Nilisema hata ukifa nitalilipa. Nimekuja kulilipa."

"Nililidai, Habakuki?"

"Hukulidai. Ndiyo maana linaniuma." Akamgeukia Bi. Eliwaza na kumwonyesha bahasha. Ilikuwa nene, ingerudisha ng'ombe, na pamoja naye ndama. "Shemeji, hii ni ya mjane wa marehemu. Kuna utaratibu mdogo tu. Mjane alie, Msajili aandike."

"Usilie, Mama Nakijwa," alisema Mzee Dastani. "Niko hapa. Utakuwa uongo."

Bi. Eliwaza alimtazama mumewe. Alitazama pini iliyobana suruali, pini ileile aliyokuwa akifungia khanga yake. Alitazama mguu wa kushoto ndani ya kiatu kipana, ambao nao haukuwa umemwambia mwenye nao chochote.

Akalia. Mwanzoni alilia polepole, kama mtu anayetimiza utaratibu. Halafu kilio kikamtoka tumboni, kikajaa sebule, kikatoka uani mpaka kwenye zizi tupu, na majirani wakaacha vyombo vyao wakaja mbio wakijua kwamba kumetokea msiba. Mpiga picha alishusha kamera. Mheshimiwa Waziri, aliyekuwa bingwa wa taifa kwa machozi, aliacha kulia na kukaa mdomo wazi. Msajili aliandika mstari mmoja, akaweka kalamu, hakuthubutu kumwambia kwamba inatosha.

Kilipokwisha, Waziri aliiweka bahasha mapajani mwa Bi. Eliwaza. Naye akaishika kwa mikono miwili.

"Deni langu nimelipa, Dastani," alisema Waziri, akitafuta kitambaa. "Hatudaiani."

Mzee Dastani aliitazama bahasha, akamtazama mkewe ambaye mabega yake yalikuwa bado yanatikisika. Alinyoosha kidevu, akaiweka mikono kwenye mishono ya suruali.

"Naam," alisema. "Limelipwa."

Msajili hakuliandika neno hilo, kwa kuwa lilikuwa limesemwa na marehemu.